Bloki ngapi kwa ukuta wa parsele yangu? Anza na bloki yenyewe

*"Niko Goma, mtaa wa Ndosho. Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza vitenge. Nina parsele ya mita 15 kwa 20, mbele ni barabara. Ubavu mmoja wa mita 20 jirani amekwisha kupandisha ukuta wake, zimebaki pande tatu. Nataka ukuta wa kimo cha mita 2.40, bloki za 15, geti la gari la mita 3.50 na mlango wa watu wa mita 1. Chini ni mawe ya volkano, na kiwanja kinateremka kidogo kuelekea nyuma, kama nusu mita. Fundi wa kwanza ameniambia bloki 1,200. Wa pili ameniambia 1,500. Muuza bloki anasema ninunue 1,800 kwa sababu nyingine zitavunjika njiani. Zamu yangu ya likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana pesa, imefika, na pesa hii sitaipata tena mwaka huu. Nichukue hesabu ya katikati? Nimwamini nani?"*

Mama, usichukue ya katikati. Nimekaa na swali lako, kalamu mkononi, na nimeona kwamba hao watatu wamepita njia moja. Jumlisha mita 15 za mbele, 15 za nyuma na 20 za ubavu: ni 50. Zidisha kwa kimo cha 2.40, unapata mita za mraba 120. Fundi wa kwanza akazidisha kwa 10, ikawa 1,200. Wa pili akazidisha kwa 12.5, ikawa 1,500. Muuzaji akafanya kama wa pili, kisha akaongeza bloki moja juu ya kila tano, ikawa 1,800. Wote watatu wameanzia kwenye zile 120, na kosa liko humo. Ukuta wako hauna mita za mraba 120 za bloki. Geti limo ndani ya 120, mlango umo, nguzo zimo, mikanda ya beto (zege) imo, hata mawe ya msingi yanayotokeza juu ya ardhi yamo. Kwa ukuta uliosimama sawasawa, unahitaji bloki zinazokaribia 800, na ukiongeza za kuvunjika hufiki 900.

Najua ukisoma hivyo moyo utaruka kwa furaha. Subiri kidogo, maana pesa inayotoka kwenye bloki hairudi yote mfukoni. Nitakuonyesha inakokwenda.

Kwanza hiyo 12.5, kwa sababu utaisikia kila mahali na si uongo. Bloki yetu ya kawaida inaitwa 40 kwa 20, yaani urefu na kimo kwa sentimita, na unene wa 10, 15 au 20. Ukipanga bloki za 40 kwa 20 bila chokaa kati yake, yaani ule mchanganyiko wa simenti na mchanga wa kuunganishia, kila moja inafunika mita za mraba 0.08, na mita moja ya mraba inakula 12.5. Lakini hakuna anayejenga bila chokaa. Hesabu hiyo inafaa pale ambapo 40 kwa 20 ni kipimo cha bloki pamoja na chokaa chake, yaani bloki yenyewe ni pungufu kidogo. Viwanda vingi duniani vinatengeneza hivyo makusudi. Kwetu, kibao cha kufyatulia mara nyingi kimekatwa 40 kamili kwa 20 kamili, na chokaa kinakuja juu ya hapo. Mafundi wa Goma wanaweka chokaa cha sentimita 1.5 hadi 2, kwa sababu bloki zetu za changarawe ya volkano zina uso mkavu na kingo zisizonyooka sana. Ukiweka 2, kila bloki inachukua 42 kwa 22 ukutani, na mita ya mraba inakula 10.8. Ukiweka 1.5, inakula 11.2. Ndiyo maana fundi wako wa kwanza anasema 10: amejenga miaka mingi, mkono wake umeshika kitu cha kweli, isipokuwa ameipunguza kidogo ili hesabu iwe rahisi kichwani.

Kwa hiyo kabla ya kumlipa mtu, nenda pale bloki zinapouzwa ukiwa na mita ya kupimia. Usipime bloki moja, maana moja inadanganya. Chukua kumi, zipange chini zigusane kichwa kwa kichwa kama watoto wamelala kwenye mkeka mmoja, kisha pima mstari wote. Ukipata mita 4 kamili, bloki ni ya 40. Ukipata 3.80, bloki ni ya 38, hata kama muuzaji anaapa. Halafu zisimamishe tano juu ya nyingine upime kimo: mita 1 ni bloki ya 20, sentimita (senti) 90 ni ya 18. Pima na unene. Andika namba hizo tatu kwenye karatasi, kwa sababu kila kitu kitakachofuata kinatoka hapo.

Pengine utaona ni jambo dogo. Lakini bloki ya 38 kwa 18 pamoja na chokaa cha 2 inachukua 40 kwa 20 ukutani, na hapo 12.5 inakuwa kweli. Kwa ukuta wako, tofauti ya bloki ya 40 na hiyo ya 38 ni bloki zaidi ya 120. Mtu anaweza kukuuzia kila moja kwa bei ya chini kidogo, ukafurahi, kisha ukarudi kwake mara ya pili na ya tatu. Uliza bei, ndiyo, lakini ugawe bei hiyo kwa kipimo.

Sasa tupange ukuta wenyewe. Mimi sihesabu kwa mita za mraba hadi mwisho. Nahesabu kwa nguzo na kwa mistari, kwa sababu ndivyo ukuta unavyojengwa.

Ukuta wa bloki za 15 wenye kimo cha mita 2.40 hausimami peke yake. Unene wake unaingia mara 16 katika kimo chake, kama daftari ulilolisimamisha kwa ukingo. Upepo wa mvua ya machweo unausukuma, watoto wanaupanda, na hapa kwetu ardhi yenyewe inatikisika. Unakumbuka siku zile baada ya volkano ya Nyiragongo kutapika tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yalivyofuatana mchana na usiku, wengi wetu tukakimbilia Sake na ng'ambo ya Rwanda. Tuliporudi nilizunguka mitaani nikitazama kuta. Zilizolala chini nilizoziona zilikuwa bloki tupu, ndefu, bila nguzo, au zenye nguzo kwenye kona tu. Zilizofungwa kwa nguzo na kwa mkanda wa beto juu na chini zilipasuka nyufa lakini nyingi zilibaki zimesimama. Na wenzetu wa Bukavu waliliona hilo hilo kwa tetemeko la tarehe 3 Februari 2008. Ukuta wa parsele unaoanguka humwangukia mtu anayepita, na mara nyingi ni mtoto anayetoka shuleni.

Basi weka nguzo kila mita 3 hivi, zisizidi sana. Kila nguzo ina upana wa senti 20 na unene ule ule wa ukuta, 15. Kwa parsele yako naona hivi. Nyuma, mita 15: nguzo 6, kati yake vipande 5 vya ukuta. Ubavu, mita 20: nguzo 8, vipande 7. Mbele, mita 15: nguzo 6, maana geti na mlango vinahitaji nguzo zake, hapo unabaki na vipande 3 vya bloki. Ukijumlisha ni 20, lakini mbili za kona umezihesabu mara mbili, kwa hiyo za kweli ni 18.

Urefu wa bloki sasa. Kutoka 50 toa 4.50 za geti na mlango, inabaki 45.50. Toa upana wa nguzo. Hapa tumia 20 kwa sababu nguzo ya kona inakula nafasi kwenye kila upande wake: mara 0.20 ni mita 4. Inabaki 41.50. Hizo ndizo mita za kweli zitakazopokea bloki, si 50.

Kimo nacho. Msingi wako utakuwa wa mawe ya volkano, na mawe hayo yatokeze senti 30 juu ya ardhi, ili maji ya mvua yasiloweshe bloki ya chini kila siku. Juu ya mawe, mkanda wa beto wa senti 20 unaofunga nguzo zote kwa miguu, ule mafundi wanaouita lonjirini. Juu kabisa mkanda mwingine wa senti 15, shenaji, unaozifunga kichwani. Hiyo ni 65. Kutoka 2.40 inabaki 1.75 kwa bloki. Kila mstari ni bloki ya 20 na chokaa cha 2, yaani 22. Mistari 8 ni 1.76. Hiyo senti moja iliyozidi fundi ataimaliza kwenye chokaa bila wewe kuiona.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wachache wanalifanya, na ndilo linalookoa bloki nyingi kuliko ujanja wowote wa bei. Usiweke nguzo kwanza kwa kukadiria kisha ukalazimisha bloki ziingie katikati. Ukifanya hivyo utapata nafasi ya bloki sita na kipande cha senti 11, na kwa kila kipande hicho fundi atapiga nyundo bloki nzima, zaidi ya nusu yake itamwagika chini. Mara vipande 15, mara mistari 8, unaona rundo la vifusi. Badala yake acha bloki iamue nguzo ikae wapi. Bloki 6 na chokaa chake zinachukua mita 2.50. Bloki 6 na nusu, 2.71. Bloki 7, 2.92. Bloki 7 na nusu, 3.13. Pima vipande vyako viangukie kwenye namba hizo.

Ubavuni, vipande 4 vya 2.71 na vipande 3 vya 2.50 vinafanya 18.34, na nafasi uliyo nayo ni 18.40. Senti 6 zinazobaki zinaingia kwenye nguzo. Nyuma, vipande 4 vya 2.71 na kimoja cha 2.92 vinafanya 13.76 katika nafasi ya 13.80. Mbele, kimoja cha 2.92 na viwili vya 3.13 vinafanya 9.18 katika 9.30, zile 12 zinazobaki zipe nguzo za geti, zinabeba mzigo mkubwa kuliko nyingine.

Bloki za mstari mmoja, basi. Ubavu: 4 mara 6.5 ni 26, na 3 mara 6 ni 18, jumla 44. Nyuma: 26 na 7, jumla 33. Mbele: 7 na 7.5 na 7.5, jumla 22. Mstari mmoja wa ukuta wote ni bloki 99. Mistari 8 ni 792.

Ukitaka kuhakikisha, rudi kwenye mita za mraba, lakini za kweli: 41.50 mara 1.76 ni 73, mara 10.8 ni 788. Njia mbili zinakutana karibu mahali pamoja. Zikipishana kwako kwa bloki 50 au zaidi, kuna kitu umesahau kutoa au kuongeza.

Kuhusu kuvunjika: muuzaji hajakudanganya kwamba zinavunjika. Barabara za Ndosho unazijua, na bloki iliyofungwa kwenye chukudu, kile chombo cha mbao cha kusukuma, juu ya mawe ya lava inapigwa kama ngoma. Lakini bloki moja juu ya kila tano ni bloki mbovu, na bloki mbovu haiponywi kwa kununua nyingi. Bloki nzuri, ikipakiwa kwa kusimamishwa, inapoteza kama 5 kwa 100. Njia ikiwa mbaya sana, 10. Kwako 10 kwa 100 inafikisha 871. Sema 870.

Hata hizo 870 usizinunue kwa mkupuo. Nunua 550 kwanza. Mistari 5 inahitaji 495, kwa hiyo una za kutosha na akiba. Mistari hiyo ni kimo cha mita 1.10, na ndicho kimo ambacho kipande cha ukuta kisipite kwa siku moja, chokaa cha chini kipate kukaza kabla ya kubebeshwa. Mstari wa tano ukiisha, hesabu bloki zilizobaki uwanjani, tena zihesabu mwenyewe. Kama 520 zimetumika kwa mistari 5, umepoteza 25, yaani 5 kwa 100. Mistari 3 iliyobaki inataka 297, ongeza 5 kwa 100 hiyo hiyo, ununue za kufikia 312. Kwa njia hiyo sehemu ya pili ya pesa yako inafuata hesabu ya ukuta wako mwenyewe. Mwambie tu muuzaji tangu mwanzo kwamba za pili zitoke kwenye kibao kile kile, maana bloki za vibao viwili hazikai mstari mmoja.

Sasa ule ukweli wa mfukoni. Nguzo 18 na mikanda miwili zinataka beto karibu mita 4 za ujazo. Kwa kilo 350 za simenti kwa kila mita ya ujazo, ni mifuko 28 ya kilo 50. Chokaa cha kujengea, ukihesabu na kinachomwagika, ni karibu mita 2 za ujazo, mifuko 12. Jumla 40, kabla ya msingi na kabla ya lipu. Halafu vyuma: kwa kawaida vinne vya milimita 10 katika kila nguzo, na pete za milimita 6 kila senti 15 hadi 20. Pesa ya bloki 930 ambazo ungezinunua bila sababu kwa hesabu ya muuzaji inalipia sehemu kubwa ya vitu hivi. Ndiyo sababu nasisitiza hesabu ya bloki: mara nyingi naona ukuta umenunuliwa bloki za kumwaga, kisha pesa inaisha kabla ya nguzo, na fundi anaambiwa "weka tu kwenye kona." Mzigo wa bloki zilizozidi unabaki pembeni unaota majani, na ukuta unasimama bila mifupa.

Mtu atakuambia, "Mama, acha nguzo, jaza bloki, ni rahisi." Ukijenga hivyo utahitaji bloki kama 1,030, na utakuwa umejenga kitu ambacho mimi nisingekubali wanangu wacheze karibu nacho. Kama pesa haitoshi ukuta wote, ni afadhali ujenge nyuma na ubavu mwaka huu, mbele uzibe kwa mabati au mbao, kuliko kuzunguka parsele nzima kwa ukuta usio na mikanda. Au shusha kimo. Kila mstari unaoondoa ni bloki 99.

Mteremko wako wa nusu mita una njia mbili. Ya kwanza, ukuta ushuke kwa ngazi: ubavuni, kwenye nguzo mbili unazochagua, kila kitu kinashuka senti 22, yaani mstari mmoja. Ngazi mbili ni 44, mawe ya msingi yanameza zilizobaki. Hapo kila kipande kinabaki na mistari 8 na hesabu ya 792 haibadiliki. Ya pili, juu kuwe sawa tambarare pande zote. Inapendeza macho, lakini kila mstari unaoongezwa nyuma ni bloki 33, na ukuta wa nyuma unakuwa mrefu kupita nguzo za kawaida. Mimi ningeshuka kwa ngazi. Usikubali ngazi ikatwe katikati ya kipande, iwe kwenye nguzo siku zote.

Ubora wa bloki sitauzungumzia sana, ila hili moja linatosha. Muulize mfyatuaji mfuko mmoja unatoa bloki ngapi. Bloki ya 15 isiyo na matundu ina ujazo wa lita 12, na mfuko wa simenti ni kama lita 35. Akisema kwa majivuno kwamba anatoa 50, ujue lita 35 za simenti zimetandazwa katika lita 600: ni mchanga uliopewa rangi. Tazama pia kama zinamwagiwa maji kivulini kwa wiki nzima, au zimeachwa juani zikauke. Bloki iliyofyatuliwa juzi usiichukue hata kwa bei ya kuombwa. Iache ifikishe wiki mbili angalau, na wiki nne ni bora. Kisha gonganisha mbili: nzuri inalia kama chungu kizima, mbaya inajibu kama udongo. Ikwaruze ukingo kwa msumari. Iangushe moja kutoka kimo cha kiuno kwenye ardhi tambarare. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake hatakuzuia.

Msingi ndio ninaouogopa zaidi kwa parsele yako, na hapo siwezi kukusaidia kutoka mbali. Watu wetu wanasema, "Goma ni jiwe, huchimbi msingi." Nusu ya kweli. Lava iliyopoa ina sehemu ngumu kama chuma, na ina sehemu ambazo juu ni ganda na chini ni uwazi, kwa sababu moto ulipokuwa unatiririka ndani, juu palikuwa pamekwisha kuganda. Kati ya mtiririko mmoja na mwingine kuna majivu na kokoto zinazobonyea. Mwambie fundi apite na mtalimbo mstari wote wa mita 50, apige kila hatua. Jiwe zima linarudisha mtalimbo mkononi na sauti ni kavu. Penye uwazi sauti inazama, kama kugonga mtungi. Hapo pavunjwe hadi kwenye jiwe la kweli, pajazwe mawe na chokaa. Penye majivu pachimbwe. Na wakati wa kujenga mawe ya msingi, acha matundu ya maji sehemu ya nyuma, kila mita 2 hivi, ili mvua isitengeneze bwawa nyuma ya ukuta wako.

Kuhusu ukuta wa jirani: usiufunge ukuta wako kwake. Simamisha nguzo zako mbili za mwisho, moja mbele moja nyuma, kando ya ukuta wake, uache nafasi ya senti 2. Siku ardhi ikitikisika kila ukuta uende na mwendo wake. Na kabla hujachimba, mwite mpimaji wa kadastri (ofisi ya vipimo vya ardhi) aonyeshe bone, yaani alama za mpaka, za parsele yako, jirani akiwepo. Ukuta wa jirani si ushahidi wa mpaka, ni ushahidi tu kwamba yeye alijenga kwanza.

Tafuta mhandisi afike kwa miguu yake kama mtalimbo ukizama mahali pengi au uwazi ukawa mkubwa kuliko ndoo. Kama ardhi ya jirani wa nyuma iko juu ya yako, maana bloki za 15 hazikutengenezwa kuzuia udongo, na huo ni ukuta wa aina nyingine kabisa. Kama ukuta wa jirani tayari umeinama. Au kama una mawazo ya kuegemeza nyumba ya kupangisha kwenye ukuta huu siku za mbele. Malipo ya kumtembeza saa moja ni madogo kuliko bei ya zile bloki 930. Ofisi ya urbanisme (mipango miji) nayo iulizwe kuhusu ruhusa ya kujenga kabla bloki hazijashushwa barabarani.

Ukishapima zile bloki kumi na ukapata namba tofauti na 40 na 20, niandikie namba zako tatu na unene wa chokaa anaoutumia fundi wako. Nitakupangia upya vipande vyote 15, ili nguzo zikae pale bloki zinapotaka.